Geti la Goba na bomba lililopungua: tathmini ya AutoCAD katika kuchora na kupima matao

Swali lililonifanya niandike tathmini hii niliulizwa karakanani, Keko, jijini Dar es Salaam, na fundi aliyeanza kuchomelea mageti kabla mimi sijajua kushika penseli. Alikuwa na mchoro ulioletwa na mteja wa Goba, mchoro ambao haukutoka mikononi mwetu, akaweka kidole kwenye namba 3600 iliyoandikwa juu ya tao la geti, akaniuliza: "Mwanangu, namba hii ni ya bomba au ni ya hewani?" Kwa bahati mbaya bomba lilikuwa limekwisha kukatwa. Kijana aliyelikata aliamini kuwa 3600 ni urefu wa bomba lenyewe, ilhali aliyechora alikusudia upana wa nafasi iliyopo kati ya nguzo mbili. Bomba lilipotoka kwenye mashine ya kukunjia lilikuwa na mkunjo sahihi kabisa, lakini ncha zake mbili zilikuwa na umbali wa milimita 3469 tu, na pengo la milimita 131 halifichiki kwa kiraka wala kwa rangi.

Mchoro ule ulichorwa kwa kompyuta, ulikuwa msafi, na tao lake lilipendeza macho. Kilichokosekana ni kipimo kinachomwambia fundi kitu ambacho anaweza kukipima kwa tepu. Tangu siku hiyo ninaipima programu yoyote ya uchoraji kwa swali la fundi yule, na hapa ninaieleza AutoCAD, ambayo nimeitumia kila siku ya kazi kwa miaka kadhaa kuchora mageti, madirisha na ngazi, nikiilinganisha pale inapofaa na LibreCAD, ambayo ni ya bure.

AutoCAD ilitolewa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 1982, na umri huo unaonekana katika wingi wa njia zake za kuchora tao. Amri ya ARC peke yake ina njia 11. Anayeanza huogopa orodha hiyo, lakini kwa kazi ya mageti na madirisha njia mbili zinatosha karibu siku zote. Ya kwanza ni ya nukta tatu: unagusa ncha ya kushoto, kilele, kisha ncha ya kulia, na tao linakaa mahali pake. Hii ndiyo njia inayofanana na fikra za mteja, kwa sababu mteja hajui nusukipenyo. Anajua kuwa nguzo zake zimeachana milimita 3600 na kwamba anataka geti linyanyuke milimita 450 katikati. Ya pili ni ile ya mwanzo, mwisho na nusukipenyo, na hapa kuna jambo linalowasumbua wengi. Programu huchora tao kwa kwenda kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, kwa hiyo ukianzia ncha ya kushoto tao litaning'inia chini kama beseni. Anzia kulia, umalizie kushoto, nalo litanyanyuka. Matoleo ya miaka ya karibuni yanakuruhusu kubonyeza kitufe cha Ctrl ili ligeuke, lakini mazoea ya kuanzia kulia ni bora zaidi kwa sababu yanakufundisha programu inavyofikiri.

Nililichora upya geti la Goba kwa nukta tatu. Nilipoliuliza tao sifa zake, dirisha la sifa lilinipa nusukipenyo cha milimita 3825, pembe ya nyuzi 56 na ushei, na urefu wa tao wa milimita 3748. Sikuridhika hadi nilipohakiki kwa kalamu, na ninamsihi kila mchoraji afanye hivyo angalau mara moja: chukua nusu ya upana, 1800, uzidishe kwa yenyewe, chukua kimo, 450, nacho ukizidishe kwa chenyewe, jumlisha, kisha ugawe kwa kimo mara mbili, yaani 900. Jibu ni 3825 bila hata desimali. Mtu anayeweza kufanya hesabu hiyo pembeni ya karatasi hatadanganywa na skrini.

Sasa nifike kwenye vipimo, ambako AutoCAD inastahili sifa yake kubwa. Kuna amri ya DIMRADIUS inayoandika nusukipenyo kikitanguliwa na herufi R, amri ya DIMDIAMETER kwa duara kamili, na amri ya DIMARC inayopima urefu wa tao lenyewe kwa kulifuata, si kwa kukatiza. Amri hii ya mwisho ndiyo jibu la swali la fundi. Inaandika 3748 pamoja na alama ndogo ya upinde mbele ya namba, na mstari wake wa kipimo nao umepinda kufuata tao. Kipimo cha upana, 3600, kinawekwa chini kwa mstari ulionyooka. Fundi akiviona vyote viwili kwenye karatasi moja, kimoja kimepinda na kingine kimenyooka, hahitaji kuuliza kipi ni cha bomba na kipi ni cha hewani.

Hata hivyo alama ile ya upinde ni ndogo mno. Mchoro ukichapwa kwa wino hafifu, kisha ukatolewa nakala, kisha ukakunjwa ndani ya mfuko wa ovaroli, alama hupotea kabisa na 3748 hubaki namba tupu. Kwa sababu hiyo mimi huongeza maneno "urefu wa bomba" mbele ya namba, na programu inaruhusu kuongeza maneno bila kuivunja namba yenyewe, ili mradi usiifute ile alama ya mabano ya pembe (<>) inayowakilisha kipimo halisi. Ukiifuta na kuandika namba yako kwa mkono, kipimo hakitabadilika tena hata ukilivuta tao likawa refu mara mbili. Ninalisema hili kwa uzito kwa sababu nimepokea michoro mingi ya namna hiyo: tao linasema jambo moja na namba iliyo juu yake inasema jingine, na aliyeandika namba hiyo alikuwa na haraka tu. Programu haikuonyi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kasoro yake ya hatari kuliko zote, kwani mchoro wenye namba ya uongo ni mbaya kuliko mchoro usio na namba.

Jambo jingine linalohitaji kurekebishwa mara tu unapoanza ni mtindo wa vipimo unaoitwa ISO-25, unaokuja na karatasi za kazi za vipimo vya metriki. Mtindo huu unaandika desimali mbili na kutenganisha kwa mkato, hivyo urefu wa tao letu unatokea kama 3748,17. Kwetu mkato hutenganisha maelfu, na sisi sote tumefundishwa shuleni kwamba desimali huanza na nukta. Nimemwona kijana akisoma namba kama hiyo kuwa laki tatu na ushei, akacheka, akaamua mwenyewe kwamba labda ni 374. Ondoa desimali zote. Hakuna fundi wa Keko, wala wa mahali pengine ninapopajua, anayekata bomba kwa sehemu ya mia ya milimita.

Kuna pia suala la ukingo upi unaopimwa, na hili programu haiwezi kukuamulia. Bomba la mraba la milimita 50 likikunjwa, ukingo wake wa nje unavutika kidogo, wa ndani unabanwa, na urefu unaobaki jinsi ulivyokuwa ni ule wa mstari wa katikati. Kama 3825 ni nusukipenyo cha ukingo wa nje, mstari wa katikati una 3800, na urefu wake ni 3724, si 3748. Tofauti ya milimita 24 ni ndogo kwenye skrini, lakini kwenye geti la milango miwili ni tofauti kati ya komeo linaloingia na komeo linalogoma. Siku hizi mimi huchora mistari mitatu, wa nje, wa katikati na wa ndani, kwa amri ya OFFSET, inayonakili mstari sambamba na ule wa kwanza, ambayo kwa matao hufanya kazi bila dosari, na kipimo cha urefu huwekwa kwenye mstari wa katikati peke yake. Juu ya urefu huo fundi huongeza milimita 200 kila upande, kwa kuwa mashine ya kukunjia huacha ncha zikiwa zimenyooka na ncha hizo lazima zikatwe.

Amri ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo watu wengi hawaijui: DIMJOGGED. Nusukipenyo cha milimita 3825, kikichorwa kwa skeli ya 1 kwa 10, ni milimita 382 na nusu, na karatasi ya A3 ina kimo cha milimita 297. Maana yake kitovu cha tao kiko nje ya karatasi, juu ya meza. Kwa amri ya kawaida mstari wa kipimo ungeelekea kitovu hicho na kukatika ukingoni mwa karatasi. DIMJOGGED inauvunja mstari kwa kona ndogo ya zigizaga na kukuruhusu kuweka kitovu cha bandia ndani ya karatasi, na ile zigizaga inamwambia anayesoma kwamba kitovu halisi kiko mbali zaidi. Ni ustaarabu mkubwa kwa msomaji wa mchoro.

Lakini kitovu kikiwa mbali kwenye karatasi, huwa mbali karakanani pia. Njia ya asili ya fundi ni kupigilia msumari sakafuni, kufunga kamba yenye urefu wa nusukipenyo na kuzungusha chaki. Kwa 3825 unahitaji uwanja wa karibu mita nne kwenda nyuma, na karakana zetu nyingi hazina nafasi hiyo. Nyuma kuna ukuta wa jirani, na mbele kuna barabara na bodaboda. Hapo DIMORDINATE, amri inayoandika umbali wa kila nukta kutoka mstari wa mwanzo, inaokoa kazi. Nilichora mstari wa chini wa tao la Goba, nikaugawa kwa amri ya DIVIDE katika sehemu nane za milimita 450 kila moja, nikapandisha mistari wima hadi kwenye tao, kisha nikaiandikia kimo chake: katikati 450, hatua ya kwanza kwenda pembeni 423, ya pili 343, ya tatu 204, na mwisho sifuri. Fundi aliziandika namba hizo kwa chaki sakafuni, akapiga alama tisa, akapinda ufito mwembamba wa mbao ukapita kwenye alama zote, akachora. Bomba jipya lilipowekwa juu ya mchoro ule wa sakafuni lilikaa kwenye chaki kutoka ncha hadi ncha, na yule mzee akalizunguka mara mbili bila kusema neno. Angalia tu kwamba ni mstari wa chini unaogawanywa, si tao lenyewe. Ukiligawa tao kwa sehemu sawa, nondo zako za wima zitaachana vizuri katikati na kukaribiana pembeni, na jicho la mteja litaliona hilo kabla hajafungua mlango wa gari.

Kwenye duaradufu sifa zinapungua. Madirisha yenye kichwa cha duaradufu yanapendwa sana katika nyumba mpya za Dar es Salaam, na AutoCAD inaichora duaradufu kwa usahihi, lakini ukijaribu kuipima kwa DIMRADIUS inakataa, nayo ina haki, kwa sababu duaradufu haina nusukipenyo kimoja. Inabidi upime upana na kimo chake kwa mistari iliyonyooka, na hivyo viwili vinaieleza kikamilifu. Tatizo ni kwamba fundi haichori duaradufu kwa upana na kimo, bali kwa misumari miwili na kamba, na programu haikuonyeshi mahali pa misumari. Kuna njia ya kuipata. Chukua dirisha lenye upana wa 1200 na kimo cha tao cha 360. Weka kitovu cha duara kwenye kilele cha duaradufu, ulipe nusukipenyo cha 600 ambacho ni nusu ya upana, na mahali linapoukata mstari wa chini ndipo misumari inapokaa: milimita 480 kila upande wa katikati. Kamba kutoka msumari hadi msumari, ikipitia ncha ya chaki, iwe na urefu wa 1200. LibreCAD inaitendea haki njia hii kuliko AutoCAD, kwani ina amri ya kuchora duaradufu moja kwa moja kwa kuonyesha nukta hizo mbili za misumari na nukta moja ya ukingo. Aliyeiweka amri hiyo, naamini, aliwahi kusimama karibu na fundi.

Kumbuka pia kwamba ukiipanua duaradufu kwa OFFSET ili upate unene wa fremu, AutoCAD hukupa mstari mpindo huru, yaani splaini, na si duaradufu ya pili. Kihesabu ni sahihi, maana mstari unaokwenda sambamba na duaradufu si duaradufu, lakini asiyejua hilo atashangaa kwa nini hawezi tena kupima upana wake kwa kugusa nukta za robo za mkunjo, yaani ncha zake za pembeni, juu na chini.

Splaini zenyewe ni nzuri kwa maua na majani ya grili, na ni mbaya kwa vipimo. Hazina nusukipenyo cha kuandikwa, kwa hiyo unarudi kwenye njia ya kupima vimo kwa hatua, na ua lenye mizunguko mitatu linahitaji namba nyingi kuliko ambavyo mtu anaweza kuzifuata. Kazi za namna hiyo siku hizi tunazipeleka kwenye mashine za kukata kwa plazma zinazoongozwa na kompyuta, ambazo husoma faili la mchoro la aina ya DXF na hazihitaji namba za kusoma kwa macho. Hapo napo kuna tahadhari moja: baadhi ya mashine hazizitambui splaini. Igeuze kwanza kuwa mstari wa vipande kwa amri ya PEDIT, na kabla ya hapo weka mpangilio wa PLINECONVERTMODE kuwa 1 ili vipande vyenyewe viwe matao madogo. Usipofanya hivyo vitakuwa vipande vilivyonyooka, na ukingo wa ua utatoka na meno unayoyahisi kwa kidole.

Nitaje kwa haraka jambo linalowatia hofu wanafunzi wengi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo: ukikuza sana mchoro, duara huonekana kama umbo lenye kona kona. Hilo ni la skrini tu. Andika REGEN na litalainika, na kinachochapwa au kupimwa hakikuwa na kona tangu mwanzo.

Kuhusu gharama, Autodesk iliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016, kwa hiyo AutoCAD sasa hulipiwa kwa muda, na kompyuta inapaswa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja katika siku 30 ili leseni ithibitishwe. Kwa karakana inayochora mageti matatu kwa mwezi malipo hayo ni mzigo. AutoCAD LT, toleo lake dogo, ni ya bei ya chini, na kwa michoro bapa kama yetu haipungukiwi chochote nilichokieleza hapa, DIMARC na DIMJOGGED zikiwemo. Sioni sababu ya mchoraji wa mageti kulipia AutoCAD kamili. Wanafunzi na walimu wanaostahiki huipata bure kwa ajili ya masomo, na wasiitumie leseni hiyo kwa kazi za wateja.

LibreCAD haina malipo kabisa, ni nyepesi, hufanya kazi kwenye kompyuta kuukuu za Kariakoo, na huhifadhi michoro katika DXF ambayo AutoCAD huisoma. Matao huyachora kwa nukta tatu vilevile, na vipimo vya nusukipenyo, kipenyo na pembe inavyo. Kwa urefu wa tao mimi huko hufanya hesabu: pembe kwa nyuzi, mara nusukipenyo, mara 0.01745, kisha huandika jibu kwa maneno kando ya tao.

Hivi sasa meza yangu ina AutoCAD LT, na kompyuta ya karakanani ina LibreCAD. Mchoro ukikamilika ninauhifadhi kama DXF na kuupeleka chini kwa kidole cha flashi. Fundi anaufungua mwenyewe, anagusa ncha moja ya tao na ncha ya pili, anasoma umbali, na akiona namba hailingani na ile niliyoandika hapandi ngazi kuja kuniuliza; anamzuia kijana asiwashe msumeno, kisha ananiita nishuke.